Hesabu Miguu Kwanza: Kupe, Utitiri na Kidudu cha Upele

   Leo nataka tuzungumze juu ya vidudu. Najua utasema vidudu tunavijua, tumezaliwa navyo. Lakini hebu nianze kwa kukueleza jambo lililonipata kazini, ndipo utajua kwa nini nimechagua somo hili.

Asubuhi moja mama aliingia mbio kliniki akiwa amembeba binti yake wa miaka mitatu. Mtoto alikuwa amelegea kama nguo iliyoloweshwa. Alikuwa ametapika mara mbili njiani, na kila tukimwamsha anafungua macho kidogo kisha analala tena. Moyo wake ulikuwa ukipiga polepole mno. Tulifikiri ni malaria kali. Lakini nilipoinama kumpima nilisikia harufu, na harufu ile kila mtu anayefuga ng'ombe anaijua. Ilikuwa dawa ya kuogeshea ng'ombe.

Mama alieleza kwa machozi. Mtoto alikuwa akijikuna usiku kwa wiki nyingi. Alipokwenda dukani kununua dawa ya kupe kwa ajili ya ng'ombe wake, mtu mmoja pale alimwambia kwamba upele unaletwa na kidudu ambacho ni ndugu ya kupe, kwa hivyo dawa inayoua huyu itamuua na yule. Alimpaka mtoto mwili mzima, juu ya ngozi iliyojaa mikwaruzo. Tulimvua nguo, tukamwosha kwa maji mengi na sabuni, tukamkimbiza hospitali kubwa. Nashukuru kwamba alipona. Lakini yale maneno ya dukani hayakunitoka kichwani, kwa sababu nusu yake yalikuwa kweli. Kidudu cha upele na kupe wana undugu. Ni undugu gani huo, na unatusaidia nini sisi tunaolea watoto? Hilo ndilo swali letu la leo.

Sisi kwa Kiswahili kila kitu kidogo kinachotambaa tunakiita mdudu. Hakuna ubaya. Hata wasomi walianza hivyo hivyo. Mwaka 1758 daktari mmoja wa Uswidi, Carl Linnaeus, alipopanga viumbe wote kwa koo zao, aliwaweka chawa, kiroboto, kupe, buibui, nge na hata kaa katika kundi moja, akasema hawa wote ni wadudu wasio na mabawa. Ni kama mtu aliyepanga nguo za nyumba nzima kwa kuangalia zipi hazina vifungo! Baadaye wenzake waliangalia vizuri zaidi, na kufikia mwaka 1801 Mfaransa aitwaye Lamarck alikuwa amewatenga buibui na jamaa zake kuwa ukoo wao wenyewe. Katika ukoo huo ndimo walimo kupe, utitiri na kidudu cha upele.

Wewe unaweza kuwatenga ukiwa jikoni kwako. Hesabu miguu. Mdudu halisi ana miguu sita, na mwili wake una sehemu tatu, kichwa, kifua na tumbo. Ana vipapasio viwili kichwani, na wengi wao wana mabawa. Nzi, mbu, mende, siafu, chawa, kunguni na kiroboto wako hapo. Buibui ana miguu minane, hana vipapasio wala mabawa. Sasa mchukue kupe mkubwa kutoka kwenye sikio la ng'ombe, umtie ndani ya chupa yenye kifuniko, umwangalie kwenye mwanga. Utaona miguu minane. Tena mwili wake haukugawanyika, ni kama mfuko mmoja wenye mdomo mbele. Huyo ni wa ukoo wa buibui.

Kuna jambo moja linalowachanganya watu, hata mimi lilinichanganya nikiwa chuoni. Mtoto wa kupe akitoka kwenye yai ana miguu sita tu. Hubadilisha ngozi baada ya kunywa damu, na hapo ndipo miguu minane inapotimia. Watoto wa utitiri na wa kidudu cha upele pia huanza na miguu sita. Kwa hivyo ukiona kupe mdogo kama punje ya mchanga mwenye miguu sita usiseme mwalimu amekudanganya.

Ndani ya ukoo wa buibui, kupe na utitiri wa kila aina huwekwa pamoja chini ya jina la Akari. Kupe waliopewa majina duniani ni aina 900 hivi. Utitiri wanapita aina 50,000, na wengi wao hawana habari nawe. Wanaishi kwenye udongo na majani yaliyooza. Wengine wanaishi kwenye vinyweleo vya uso wa mtu mzima, wangu na wako, bila kutudhuru. Usijipanguse, hawatoki!

Akari wana matawi mawili makubwa. Kupe wako tawi moja, pamoja na utitiri wa kuku. Kidudu cha upele kiko tawi la pili, pamoja na wale wa vumbi la godoro wanaomsumbua mtoto mwenye pumu. Matawi hayo yaliachana zamani sana, na wataalamu wanaochunguza chembe za urithi wanabishana mpaka leo kama kweli ni ndugu wa karibu au tuliwaweka pamoja kwa sababu wote ni wadogo. Umeona basi, mama? Yule mtu wa dukani alichukua undugu wa mbali akaufanya wa tumbo moja. Tena hata wangekuwa pacha, ngozi ya mtoto si ngozi ya fahali. Dawa ya kuogeshea mifugo inapita kwenye ngozi, hasa iliyokwaruzwa, na kuingia kwenye damu. Ikimgusa mtoto mvue nguo, mwoshe kwa sabuni na maji, umpeleke hospitali mara moja, na uichukue chupa ile ili daktari asome jina la dawa. Akiwa ameinywa usimlazimishe kutapika.

Sasa tuje kwa kidudu cha upele chenyewe, kwa maana hapa ndipo akina mama wengi wanapoteza pesa na usingizi. Jina lake la kitaalamu ni Sarcoptes scabiei. Jike ana urefu wa chini ya nusu milimita, kwa hivyo humwoni, labda kama nukta kwa mtu mwenye macho makali sana. Mwaka 1687 daktari kijana wa Italia aitwaye Bonomo, pamoja na mwuza dawa Cestoni, walimtoa kwa ncha ya sindano kutoka kwa watu wenye upele, wakamwangalia kwa kioo cha kukuza wakamchora. Walikuwa wamesikia kwamba akina mama wa kule huwatoa watoto wao vidudu hivyo kwa pini. Mimi hupenda kuikumbuka habari hiyo. Akina mama walikuwa wanajua, madaktari wakafuata. Hata hivyo madaktari wengi waliendelea kwa zaidi ya miaka mia moja kusema upele ni damu chafu.

Jike huchimba njia ndani ya tabaka la juu la ngozi, kama fuko anavyochimba shambani, na humo hutaga mayai mawili au matatu kila siku. Anaishi humo mwezi mmoja hadi miwili. Mayai huanguliwa baada ya siku tatu au nne, na katika wiki mbili hivi watoto wamekuwa wakubwa. Mtu mwenye upele wa kawaida huwa na vidudu kumi hadi kumi na tano tu mwili mzima. Kumi na tano! Lakini anajikuna kama aliyemwagiwa upupu, kwa sababu kinachowasha ni mwili kuvikataa vidudu, mayai yao na uchafu wao.

Na hapa ndipo penye siri. Mwili usiowahi kupata upele huchukua wiki nne hadi sita kabla ya kuanza kukataa. Wiki zote hizo mtu haoni kitu, hajikuni, lakini anaambukiza. Mtoto mmoja akianza kujikuna leo, dada yake anayelala naye kitanda kimoja huenda tayari anavyo, na wewe unayemnyonyesha huenda unavyo. Ukimpaka dawa yule anayejikuna peke yake, atapona, halafu baada ya mwezi atachukua tena kutoka kwa dada yake. Kisha utakuja kuniambia, sista, dawa yenu haifanyi kazi. Dawa inafanya kazi, mama. Ni nyumba nzima inayotakiwa kupaka siku moja, wanaojikuna na wasiojikuna, baba akiwemo. Najua baba wengine husema wao hawana upele. Mweleze habari ya zile wiki sita.

Utautambuaje? Muwasho huzidi usiku watu wakipata joto. Tazama kati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kwapani, kiunoni, makalioni, kwenye chuchu za mama na sehemu za siri za mwanamume. Kwa mtoto mchanga tazama pia viganja, nyayo, kichwa na uso. Choa, ambacho wengine huita mashilingi, ni kitu kingine kabisa. Choa ni ukungu, hakina miguu hata mmoja, na dawa yake ni tofauti. Nimewaona watoto waliopakwa dawa ya choa miezi mitatu huku upele ukisonga mbele.

Dawa za upele zipo, na utapewa kulingana na umri wa mtu. Kuna ile nyeupe ya maji, benzili benzoeti, ambayo sisi huiita BBE. Kuna krimu ya pemethrini, kuna mafuta ya salfa ambayo yanafaa hata kwa mtoto mchanga sana na mama mjamzito, na kuna vidonge vya aivamektini, ambavyo mjamzito hapewi, wala mtoto asiyefika kilo 15. BBE ya mtu mzima ni kali kwa mtoto, hupunguzwa makali kwanza, kwa hivyo usigawane chupa bila kuuliza. Dawa ya kupaka huenda mwili mzima kuanzia shingoni hadi kwenye nyayo, si pale panapowasha tu, na mtoto mdogo hupakwa hadi kichwani, ukikwepa macho na mdomo. Ukinawa mikono, paka tena mikono. Muda wa kukaa na dawa kabla ya kuoga hutofautiana, na kwa kawaida hurudiwa, basi fuata ulichoelezwa na aliyekupa.

Siku hiyo hiyo fua nguo na mashuka kwa maji ya moto, uanike juani. Blanketi usiloweza kufua litie ndani ya mfuko wa plastiki, ulifunge siku tatu au zaidi, kwa sababu kidudu hiki kikitoka kwenye mwili wa mtu hufa baada ya siku mbili au tatu. Huna haja ya kupuliza sumu nyumbani. Na usishtuke muwasho ukiendelea wiki mbili au tatu baada ya dawa. Vidudu wamekufa, lakini maiti zao bado ziko ndani ya ngozi.

Upele si uchafu. Nilipokuwa shule ya bweni niliupata, na msimamizi wetu aliniita mbele ya wenzangu akasema mimi ni msichana nisiyeoga. Nilikuwa naoga mara mbili kwa siku. Kidudu hiki kinahama ngozi inapogusana na ngozi kwa muda, kama watoto wanaolala pamoja, na hakiulizi nani ameoga. Aibu ndiyo inayofanya watu wafiche, na mtoto aliyefichwa hujikuna mpaka vidonda vinaingia bakteria. Vidonda hivyo vikikaa vinaweza kudhuru figo. Ukiona mtoto mwenye upele amevimba uso au miguu, au mkojo wake umekuwa mwekundu kama chai ya rangi, usingoje kesho. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahaulika, nami nasema walichelewa.

Utitiri wa kuku ni mwingine. Huyu hachimbi ngozi. Anaishi kwenye kiota na nyufa za ukuta, usiku anatoka kunywa damu ya kuku kisha anarudi. Kuku wetu wengi hulala jikoni, na kuku anayelalia tunamweka hata chini ya kitanda ili mwewe na paka wasimpate. Vifaranga wakianguliwa na kuku akaondoka, utitiri walioachwa na njaa wanapanda kitandani. Utaamka na vipele vinavyowasha. Hapo ukimpaka mtoto dawa ya upele unapoteza dawa, kwa sababu utitiri hayumo mwilini mwa mtoto. Hamisha kuku, choma majani ya kiota, fagia na ukandike nyufa. Wale weusi wanaoganda kuzunguka macho ya kuku, mama, ukiwahesabu miguu ni sita. Hao ni viroboto.

Na funza? Miguu sita pia. Funza ni kiroboto, jike anayejizika kwenye kidole cha mguu na kuvimba hadi kama njegere kwa mayai. Hakuwa mwenyeji wetu. Alitoka Amerika Kusini, akafika Angola kwa meli mwaka 1872, na katika miaka isiyozidi thelathini alikuwa amevuka Afrika hadi huku kwetu. Anakulia kwenye vumbi la sakafu, kwa hivyo kazi yake inaanzia sakafuni. Naomba tu msitumie pini moja kwa watoto wote. Funza tutampa kipindi chake.

Nimalizie na kupe mwenyewe. Hapa Khayega fahali ni heshima ya boma, na siku ya fahali kupigana hata anayeuza nyanya hufunga kibanda. Kwa hivyo kupe wa ng'ombe tunawajua. Yule wa kahawia anayependa sikio ndiye anayeleta ugonjwa wa ndigana kali unaoua ndama. Ugonjwa huo hauingii kwa binadamu. Lakini kupe wengine hubeba magonjwa ya watu. Mwezi wa Oktoba mwaka 2000, huku huku magharibi mwa Kenya, mkulima mmoja alifariki kwa homa ya kutoka damu iitwayo homa ya Krimea na Kongo, naye alikuwa mtu wa kwanza nchini kuthibitishwa kuwa nayo. Ugonjwa huo huletwa na kupe, na pia damu ya mnyama aliyeambukizwa. Ni nadra sana, sitaki mtu akimbie. Nataka tu uache kumpasua kupe kwa kucha, na umkataze mtoto anayewachuma kwa ng'ombe na kuwapasua kwa mchezo.

Mtoto akirudi kutoka malishoni, mtazame nyuma ya masikio, kwenye nywele, kwapani na kwenye mapaja ya ndani. Ukimkuta kupe amejishikiza, mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, uvute polepole moja kwa moja bila kumzungusha. Usimpake mafuta ya taa, usimchome kwa kijinga cha moto, kwa maana akisumbuliwa anaweza kutema mate yake ndani ya kidonda, na ugonjwa umo mateni. Osha pale kwa sabuni na unawe mikono. Katika siku kumi hadi kumi na nne zinazofuata, mtoto akipata homa, kichwa kikamuuma, au pale alipoumwa pakawa na kigaga cheusi, njoo useme wazi kwamba aliumwa na kupe. Usiposema, tutapima malaria, tukute hakuna, na siku zipite.

Papasi ni kupe pia, ila mwili wake ni laini, na hukai naye siku nyingi. Anaishi kwenye nyufa za sakafu ya udongo, hunywa damu usiku na kurudi. Anajulikana zaidi Tanzania, ambako homa yake huitwa homa ya papasi. Huja, huondoka siku kadhaa, kisha hurudi. Ilithibitishwa Uganda mwaka 1904 kwamba ni yeye anayeieneza, na mwaka 1905 daktari Mwingereza, Dutton, aliyekuwa akiichunguza Kongo, aliipata yeye mwenyewe akafa. Kwa mama mjamzito homa hii inaweza kuharibu mimba. Kama una ndugu aliyerudi kutoka huko na homa inayokwenda na kurudi, tuambie ametoka wapi.

Swali moja nililetewa kliniki juma lililopita. Mama aliuliza kama upele wa mbwa unaweza kumpata mtoto. Jibu ni kwamba kidudu cha mbwa ni jamaa wa karibu mno wa cha binadamu. Anaweza kumwasha mtoto siku kadhaa, lakini hazaliani vizuri kwenye ngozi ya mtu, hufa. Mtibu mbwa kwa mtu wa mifugo, naye mtoto mlete kwetu tumwangalie. Hadi juma lijalo, tutakapozungumza juu ya funza, mimi ni muuguzi wenu. Mlale salama.